Kitivo cha Sanaa Kinafanya Kazi Gani Chuo Kikuu?



Kila mwaka yakishatoka majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu, wazazi kadhaa hutufuata madrasa baada ya swala ya alasiri. Furaha ipo usoni, lakini nyuma yake kuna wasiwasi. "Ustadhi, mtoto amepata Chuo Kikuu, ila amepewa Sanaa. Sasa atakuwa nani?" Mzazi ambaye mwanawe amepata udaktari au uhandisi hana haja ya kuuliza, kwa sababu jina la kozi limeshamjibu. Mwingine huongeza kwa sauti ya chini kwamba kama ni hivyo bora binti aolewe tu, ada ikasomeshe mdogo wake. Kwa kuwa swali hili lina uzito wa maisha ya mtu, tumeona mwaka huu tusilijibu mlangoni kwa maneno mawili matatu, bali tulieleze hapa kwa kirefu kidogo: kitivo hiki ni kitu gani, kimetoka wapi, na chuo kikuu kinakihitaji kwa lipi.

Tuanze na jina, maana nusu ya taabu inatoka hapo. Neno sanaa tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kazi ya ufundi. Siku hizi ukisema "yule ni msanii" mtu anaweza kuelewa mwimbaji, na anaweza kuelewa tapeli. Basi mzazi akisikia Kitivo cha Sanaa anaona ngoma na maigizo. Ni kweli sanaa za maonyesho zinafundishwa huko, lakini ni idara moja tu miongoni mwa nyingi. Zipo historia, lugha, isimu, fasihi, jiografia, falsafa, sosholojia, sayansi ya siasa na uchumi, kutegemea chuo kilivyojipanga.

Jina lenyewe ni tafsiri ya neno la Kilatini lililokuwa na maana ya stadi au elimu, na zamani liliambatana na sifa: stadi za mtu huru. Wayunani na Warumi walitenga elimu ya mtu huru na kazi ya mtumwa. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo, kwani tunalo neno mwungwana. Kwanza lilimaanisha mtu asiye mtumwa, kisha likaja kumaanisha mtu mwenye adabu, kauli nzuri na maarifa. Kama wafasiri wangeiita elimu ya kiungwana, huenda wazazi wangekuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Lakini tusipendezwe na neno hili tukasahau uchungu wake. Uungwana wa mmoja ulisimama juu ya mgongo wa mwingine, Roma kama Unguja. Chuo kikuu cha leo kinampa elimu hiyo mtoto wa mkulima na wa mvuvi, na hapo ndipo kinapotofautiana na wale wa kale. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sasa hutumia neno insia kwa masomo haya, neno ambalo ni ndugu wa insani.

Elimu za ala

Mwanafunzi wetu anayehifadhi Ajurrumiya huwa anajiuliza mbona fiqhi yenyewe haifiki. Kitabu hicho kidogo cha Ibn Ajurrum, mwanachuoni wa Fasi huko Morocco aliyefariki mwaka 1323, hakina hukumu hata moja ya swala wala ya mirathi. Kinazungumzia jina, kitendo, herufi na irabu. Pamoja na hayo, sheikh makini hamfungulii mtu tafsiri kabla hajapita hapo. Nahwu, sarfu, balagha na mantiki ndizo wanavyuoni walizoziita elimu za ala, yaani zana. Ibn Khaldun katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, alizitenga elimu zinazotafutwa kwa ajili yake zenyewe na elimu ambazo ni zana za kuzifikia nyingine. Akaonya vilevile kwamba mtu asizame katika zana mpaka umri ukamwishia hajaanza kazi. Onyo hilo tutalirudia.

Sasa tazameni Paris. Mwanzoni mwa karne ya 13 chuo kikuu cha mji huo kilikuwa na vitivo vinne: Sanaa, Theolojia, Sheria na Tiba. Kile cha Sanaa kiliitwa kitivo cha chini, kwa maana ya ngazi ya kwanza. Kijana aliingia akiwa na miaka 14 au 15, akasoma sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, falaki na muziki. Hizo ndizo zilizoitwa sanaa saba. Waliosoma humo walikuwa wengi kuliko wa vitivo vingine, na rekta, kiongozi wa chuo, alichaguliwa kutoka kwao. Mwanafunzi wa madrasa akiziangalia zile tatu za mwanzo ataziona ni nahwu, mantiki na balagha. Mpangilio ni uleule wa zana kwanza, kazi baadaye.

Kufanana huku kulikuwa na sababu zake. Urithi wa Wayunani uliwafikia wote wawili, Waislamu wakitangulia, na sehemu kubwa ya vitabu vilivyosomwa Paris ilikuwa imepita mikononi mwa Waislamu. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona na wenzake walifasiri vitabu vingi kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, kimojawapo kikiwa kile cha Al-Farabi cha kuzihesabu na kuzipanga elimu. Baadaye zikafuata sherehe za Ibn Rushd juu ya Aristotle. Huyu Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alikuwa kadhi wa Seville na Cordoba, na Bidayat al-Mujtahid yake inasomwa na wanafunzi wa fiqhi hadi leo. Kule Paris walimheshimu kiasi cha kumwita "Mfafanuzi" tu, bila kutaja jina, na kila mtu akajua ni nani.

Mambo hayakwenda kwa amani. Mwaka 1210, na tena 1215, ilikatazwa pale Paris kufundisha vitabu vya Aristotle vya elimu ya maumbile. Mwaka 1255 kitivo cha Sanaa chenyewe kikaviweka katika masomo ya lazima. Mwaka 1277 Askofu Etienne Tempier akatoa orodha ya kauli 219 zilizoharamishwa kufundishwa, nyingi zikiwa za walimu wa kitivo hicho. Na tusidhani kwamba sisi tulikuwa pembeni. Miaka hiyohiyo, Damascus, Ibn al-Salah aliyefariki mwaka 1245 alitoa fatwa ya kuikataza mantiki, ilhali Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa ameshaandika katika Mustasfa kwamba asiyeijua mantiki elimu yake haitegemewi. Ghazali huyo ndiye aliyewakosoa wanafalsafa vikali, lakini zana yao aliichukua. Karne tatu baada ya Ibn al-Salah, Al-Akhdari aliitungia mantiki shairi, Sullam, na vijana wa madrasa wakalihifadhi kwa moyo.

Tumekaa kidogo katika habari hii kwa sababu inaonyesha kazi ya kitivo hiki kuliko maelezo yoyote. Mwanasheria ana kesi yake na tabibu ana mgonjwa wake. Lakini maswali kama hoja hii imesimama au imeanguka, neno hili lilimaanisha nini kwa waliolisema, na tuliyoyapokea tumeyapokea kwa njia gani, hayo hayana mwenyewe. Chuo kisichokuwa na mahali pa kuyauliza huwa ni mkusanyiko wa vyuo vya ufundi vilivyo katika uzio mmoja.

Njia mbili za kukipanga

Kuna jambo linalowachanganya wazazi wenye ndugu Marekani. Huko kijana hasomi udaktari wala sheria moja kwa moja kutoka sekondari. Kwa kawaida husoma kwanza miaka 4 katika skuli ya sanaa na sayansi, akipita kwenye historia, hisabati, lugha, biolojia na falsafa, akichagua somo moja la kulizamia, ndipo aombe skuli ya tiba au ya sheria. Skuli hiyo ndiyo moyo wa chuo, na vitivo vya taaluma viko juu yake, karibu na ule utaratibu wa Paris. Sisi tumerithi utaratibu wa Kiingereza. Kijana wa kidato cha sita anaingia udaktari moja kwa moja, miaka 5, na mwenzake anaingia Sanaa moja kwa moja, miaka 3. Hivyo kwetu kitivo cha Sanaa kimekuwa jirani wa vingine, si mlango wao. Hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba kimewekwa kwa ajili ya waliokosa nafasi kwingine.

Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kikiwa na kitivo kimoja tu, Sheria, na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kilipohamia Mlimani mwaka 1964 kikaongezwa Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii. Baadaye zikaja Sayansi, Tiba, Kilimo na Uhandisi. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea.

Kitivo hicho kilikuta nini? Kilikuta nchi ambayo historia yake iliandikwa na waliokuja kuitawala. Ndipo idara ya historia, akina Terence Ranger, Isaria Kimambo na John Iliffe, wakaanza kuiandika upya. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa kusini mwa nchi kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walikuwapo bado watu walioviona vita kwa macho yao au waliosimuliwa na baba zao. Vijana wa miaka 20 na kitu walikaa barazani na mabibi na mababu, wakaandika walivyosikia kuhusu maji ya dawa, majumbe, njaa iliyofuata na waliopotea. Fikirini kama kazi ile ingeahirishwa miaka 20. Wazee wale wangekuwa wamekwisha, na tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake. Hakuna kitivo kingine pale chuoni ambacho kingeifanya kazi hiyo.

Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha huko hadi mwaka 1974, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972, London na Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Farouk Topan alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi waliona haliwezekani. Chuoni hapohapo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitayarisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Sisi wahariri wa jarida hili tunayo nakala iliyochakaa mezani, na mabishano mengi ya kamati yetu humalizwa nayo. Mwaka 2009 taasisi hiyo na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa zikawa TATAKI.

Palikuwa na msukosuko pia. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia yao. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, uliitishwa mkutano kujadili chuo kiko kwa ajili ya nani. Kutokana na mawazo ya wakati ule, kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa sheria, akatakiwa kusoma masomo ya maendeleo, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Wapo waliosema ni siasa tupu, na katika miaka ile pengine hawakukosea sana. Lakini wazo la kwamba mhandisi asitoke chuoni bila kuijua jamii atakayoijengea daraja lilikuwa zuri, na limedumu. Hata Muhimbili, ambayo tangu 2007 ni chuo kikuu kamili cha afya, ina idara yake ya masomo ya maendeleo.

Daktari anahitaji nini kwao? Tutoe mfano mmoja ambao kila mama wa Pwani anaujua: degedege. Katika miaka ya 1990 watafiti wa afya pamoja na wanaanthropolojia walikwenda Bagamoyo kuchunguza majina ambayo watu huyapa maradhi ya homa. Wakakuta kwamba kwa wazazi wengi homa ya malaria ilikuwa ugonjwa wa hospitali, na degedege ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa mganga. Daktari alikuwa akitangaza "mtoto mwenye malaria aletwe hospitali," na mama alikuwa akisikia na kukubali, kisha mtoto akishikwa na degedege anampeleka kwa mganga, naye haoni kwamba amekaidi. Dawa ilikuwapo, na tatizo lilikuwa katika maana ya neno. Kuligundua hilo kulihitaji mtu aliyefunzwa kusikiliza lugha na kuuliza bila kudharau. Watoto waliofika hospitali mapema kwa sababu matangazo yalibadilishwa maneno hawajui kwamba somo la isimu na la utamaduni lilikuwa na mkono katika uhai wao.

Na hapa tunamkumbuka tena Imamu Ghazali. Katika Ihya aliwalaumu watu wa zama zake waliokimbilia fiqhi kwa wingi hali miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu, ilhali tiba ni fardhi kifaya. Wazazi hupenda kututajia maneno haya ili kuonyesha kwamba sayansi ndiyo bora. Sisi tunayasoma kwa mapana zaidi: alilaumu jamii nzima kusukumana katika mlango mmoja. Leo tukiwasukuma vijana wote kwenye udaktari, tukakosa mwanahistoria, mfasiri na mwanauchumi, tumerudia kosa lilelile kwa upande wa pili.

Tusifiche kasoro

Ajira ni ngumu. Kwa miaka mingi wahitimu wengi wa Sanaa waliingia ualimu wa sekondari, na serikali iliwachukua karibu wote. Hali hiyo imebadilika tangu katikati ya miaka ya 2010, walipoanza kutangulizwa walimu wa sayansi na hisabati. Mzazi anayeuliza juu ya kazi hakosi adabu, anauliza jambo la haki.

Lipo na la ndani ya vitivo vyenyewe. Madarasa yamejaa mno. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka 3 akiishi kwa madesa, zile fotokopi za maelezo ya miaka iliyopita, asisome kitabu kizima hata kimoja wala kuandika insha iliyosahihishwa kwa makini. Mtu wa namna hiyo ana shahada lakini hana zana. Hili ndilo lile onyo la Ibn Khaldun, ila limegeuka: yeye aliogopa watu kuzama katika zana, na hawa hawajazishika kabisa. Elimu ya ualimu au uhasibu ikisomwa vibaya bado inaacha cheti chenye jina la kazi. Sanaa ikisomwa vibaya haiachi kitu.

Kwa hiyo mzazi asituulize "atakuwa nani" peke yake. Aulize mtoto atasoma masomo yapi mwaka wa kwanza, ataandika kwa lugha gani na kiasi gani, kama atajifunza takwimu, kama kuna lugha ya tatu. Historia pamoja na takwimu, au lugha pamoja na uchumi, humpa kijana mikono miwili. Na kwa yule binti anayeambiwa aolewe ada imsomeshe mdogo wake, tunasema wazi kwamba hatuoni hoja. Ndoa na shahada havijawahi kukatazana.

Hati za nyumbani kwetu

Tumeliacha kwa makusudi jambo linalowahusu wanafunzi wetu kuliko watu wengine wote. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka Pwani akikusanya hati za kale za Kiswahili kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam: tenzi, mashairi na maandiko mengine, mengi yakiwa yameandikwa kwa herufi za Kiarabu. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Nyingi zilitoka katika nyumba za watu, kwenye makasha na mashubaka.

Kuzisoma hati hizo si kazi ya kila mwenye shahada. Msomaji anahitaji kuzizoea herufi za Kiarabu zilivyotumika kuandika Kiswahili, ambazo mara nyingi hazitofautishi p na b, wala o na u. Anahitaji kujua lahaja za kaskazini, na kutambua msemo wa dua au hadithi iliyoguswa kwa neno moja. Mwanafunzi wa isimu ana nadharia, ila mara nyingi hana herufi. Kijana aliyetoka madrasa ana herufi, anazijua dua, pengine bibi yake anazungumza lahaja yenyewe, lakini hana njia za kuchunguza tarehe ya karatasi, kulinganisha nakala mbili na kuandika alichokipata ili wengine wakihakiki. Njia hizo hufundishwa katika kitivo kilekile ambacho mzazi wake anakihofia. Wageni kutoka Hamburg na London wamejifunza herufi zetu ukubwani ili waifanye kazi hii, na tunawashukuru, lakini watoto wetu wanazijua tangu wana umri wa miaka 7.

Msomaji mwenye karatasi za namna hiyo nyumbani asizichome kwa kudhani zimeharibika, asizibandike gundi, wala asizifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kwani unyevu huzila. Azifunge katika kitambaa safi cha pamba, aziweke mahali pakavu palipo mbali na mchwa, na aandike pembeni, katika karatasi nyingine, zilikuwa za nani na zilipatikana wapi. Akitaka zipigwe picha bila kuzitoa mikononi mwake, aje madrasa Jumamosi asubuhi, tutamwelekeza kwa wanaohusika.